Miguu Mitupu Uani kwa Kukhu

Siku hiyo uani kwa kukhu, yaani nyanya yetu, tulikuwepo sisi tu: kukhu mwenyewe, mwalimu wa muziki, jirani mpiga ngoma ya isukuti, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu mwingine, kitinda mimba aliyekuwa bado anakula udongo, na mimi. Nimewakumbuka wote juzi, rafiki yangu, nilipokaa katika ukumbi mmoja hapa mjini Kakamega nikimtazama mdogo wangu huyo wa kike akifundisha vijana kucheza bila viatu.

Wakati ule tulikuwa tumezika wazazi. Mimi nilikuwa nimeacha shule nikate miwa ya watu, wadogo wangu wasome. Jioni nilirudi na masizi shingoni, nikakuta obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda na moshi wa kuni mbichi, na sikuona la kulalamikia. Ila wiki hiyo mdogo wangu aligoma kwenda shule. Mwalimu alikuwa amemchagua kwa tamasha, kisha akamwambia atacheza miguu mitupu. Wenzake wakamcheka: "Wewe hata usipochaguliwa, bado ni miguu mitupu." Akaamini mwalimu anamwonea huruma kwa kukosa viatu. Nami nikawaza, huyu akiacha, mimi niliacha kwa nini?

Basi mwalimu akaja mwenyewe. Akavua viatu na soksi, akaketi kwenye kigoda, akatusimulia. Zamani kule Ulaya na Amerika, alisema, dansi ya majukwaani ilichezwa kwa viatu vya kubana na mavazi ya kufunga mbavu, hata kupumua ikawa kazi. Wakatokea wanawake wachache wabishi. Mmoja akavitupa viatu, akacheza na kitambaa chepesi tu mwilini. Mwingine akasema mwendo uanzie tumboni, pale kilio na kicheko vinapotoka. Mwingine akafundisha kuanguka na kuinuka, akasema dansi yote iko katikati ya hayo mawili. Watu waliwacheka kwanza. Baadaye wakawafuata, na dansi hiyo ikaitwa ya kisasa.

Kukhu alikuwa akipepeta maharagwe. "Kwa hivyo wazungu waligundua wako na miguu, wakaita kisasa?"

"Ni kama hivyo, kukhu."

"Walichelewa. Sisi tunachezanga hivyo tangu zamani, na hakuna mtu alituita chochote."

Mdogo wangu alijiziba mdomo kuficha kicheko. Mwalimu akamwomba aonyeshe kule kuanguka. Jirani akaweka isukuti kwapani, vidole vikaanza. Mtoto akazunguka, akaanguka vumbini, na ngoma ikanyamaza papo hapo.

"Mbona umeacha?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, mtoto ameanguka. Nitapigiaje mtu ako chini?"

"Wewe piga," kukhu akasema, macho yake yangali kwenye ungo. "Mtu akianguka ndio ngoma inahitajika."

Ikapigwa. Mdogo wangu akainuka polepole, bega moja kwanza, likitikisika kama tunavyotikisa kwetu, kisha mwili wote. Kukhu akaweka ungo chini, akaingia kati, mabega yakitetemeka kama ya msichana. Kuku wakayamaliza maharagwe. Kesho yake mdogo wangu alienda shule bila kusukumwa.

Kukhu hayuko tena. Mwalimu alihamishwa, na pale uani sasa ni miwa hadi ulipokuwa mlango. Harusi siku hizi hukodi spika, na vijana huuliza isukuti hupigwa na mkono gani. Jirani bado yuko, ingawa vidole vimekakamaa. Jioni ile ya uani alikataa hata chai yetu ya shukrani. "Ngoma hailipwi na chai," alisema. "Inalipwa na miguu. Kila mtu wa boma hii atanichezea." Kukhu alikuwa amelipa, mdogo wangu pia. Mimi nilikuwa hoi kwa miwa, nikasema nitacheza kesho.

Mwezi uliopita nilikutana na jirani huyo barabara ya Malava. Alinitazama miguuni kabla ya kunisalimia.

"Wewe bado," akasema.