Binti Mfalme Mwenye Kipara

Dama Kitsao alikuwa msusi wa Kibokoni, Mombasa, na sifa za mikono yake zilifika hadi Makupa. Alisukia katika chumba cha chini cha nyumba ya rafiki yake Rukhsana, aliyeishi ghorofani, mlango ukiangalia kichochoro. Wanawake waliingia wamejifunga vitambaa, wakatoka na mistari iliyonyooka kana kwamba imepigwa rula. Dama alisuka huku akizungumza, na alizungumza sana. "Hizi zako ngumu kama waya, dadangu," alizoea kumwambia mteja. Wote walicheka, kazi ikaendelea.

Binti yake, Emmah, mtoto wa miaka saba, alikuwa akishinda pale pale kwenye mkeka, akisikia yote.

Sikukuu ya Idi, Rukhsana alimnunulia binti yake Munazza mwanasesere, na Emmah naye akanunuliwa wake, maana watoto hao wawili walikuwa wakila sahani moja tangu walipoanza kutambaa. Wa Emmah alikuwa binti mfalme wa plastiki, mweupe pe, kiuno chembamba kama cha nyigu, amevaa taji, na nywele zake za rangi ya dhahabu zilimfika visiginoni. Emmah alilala naye, akaamka naye.

Tangu hapo mtoto akaanza kukwepa kusukwa. Alijifunga leso ya mamake kichwani, akaiacha ining'inie mgongoni, akawa anaizungusha kwa madaha kila anapogeuka. Dama alimwona akacheka. Mtoto gani asiyecheza?

Jumamosi moja alasiri Dama alikuwa akimsuka bibi mmoja mtindo wa twende kilioni, chumba kimejaa wateja. Ghafla ukasikika ukelele kutoka uani. Dama alitupa kitana akakimbia. Alimkuta Emmah amesimama kando ya ndoo, amejipaka kichwani dawa ya nywele, ile kali ya kulainishia ambayo Dama mwenyewe haigusi bila glavu. Ilikuwa imeanza kuchuruzika kwenye paji la uso.

"Mama, yaniunguza! Yaniunguza!"

"Funga macho! Usifungue!"

Mfereji ulikuwa mkavu siku hiyo. Dama alinyakua mtungi wa plastiki wa maji ya kununua akammwagia mtoto kichwani, akamwita Rukhsana kwa sauti ambayo hakujua anayo. Rukhsana alishuka ngazi bila viatu, akaleta mtungi mwingine, kisha mwingine. Waliosha mpaka ua ukawa bwawa. Halafu wakamfunga mtoto taulo mbichi, wakampakia kwenye gari la Rukhsana, wakaenda hospitali.

Njia nzima Dama aliwaza macho tu. Yakiharibika macho, atamwambia nini Mungu?

Daktari, kijana mpole, alimulika jicho moja, akamulika la pili, akapima ngozi ya kichwa kwa ncha ya kidole. Alichukua muda. Hatimaye alivua glavu.

"Macho yako salama, mama. Ngozi imeungua juu juu tu, itapona. Mlifanya vyema kumwosha upesi. Ila nywele itabidi zinyolewe tupake dawa."

"Zitaota?"

"Zitaota."

Dama aliketi kwenye benchi la ukumbini akalia kwa kwikwi, na Rukhsana akamshika bega mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Jioni, Emmah akiwa kitandani na kichwa kinang'aa kwa marhamu, Dama alimuuliza polepole alitaka nini.

"Nilitaka zianguke mpaka chini kama za binti mfalme. Zangu ni waya."

"Nani kakwambia ni waya?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao. "Wewe, mama. Wamwambia kila mtu."

Machozi yakamtiririka Dama. Rukhsana, aliyekuwa ameleta uji, aliweka bakuli chini.

"Mimi nilipokuwa kama wewe," alimwambia Emmah, "nyanyangu alikuwa akinisugua uso kwa unga wa dengu na manjano, ati niwe mweupe, nipate mchumba. Kila Ijumaa!"

"Ukawa mweupe?"

"Nikawa nanukia bajia."

Emmah alicheka, mara ya kwanza tangu alasiri, na Dama akajikuta naye anacheka, machozi bado mashavuni.

Mwanasesere hakutupwa. Rukhsana alitaka amchome, lakini Dama alikataa. Alichokifanya ni kuifungia dawa kabatini na kubadilisha maneno yake. Haikuwa rahisi, ulimi ulishazoea. Mteja akijitukania nywele, Dama alimwambia, "Zimeshiba hizi, zashika msuko vizuri," na kweli zilikuwa zikishika. Usiku alimpaka Emmah mafuta ya nazi kichwani, wakiimba.

Hata hivyo aliogopa. Mtoto alikataa kutoka bila kitambaa, na shuleni alikaa nacho siku nzima.

Jumapili moja jioni wote wanne walikwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Joto lilikuwa kali. Kina mama waliketi ukutani na mihogo ya kukaanga, watoto wakajiunga na wenzao kwenye nyasi, wakacheza mchezo wa kifalme. Punde Dama akaona kitambaa kimetupwa chini na kipara cha mwanawe kinameremeta juani. Msichana mmoja mgeni, mkubwa kidogo, alikuwa amesimama mbele ya Emmah.

"Wewe huwezi kuwa binti mfalme. Huna nywele."

Dama alianza kuinuka. Rukhsana akamvuta kanga. "Ngoja kwanza."

Emmah alijishika kiuno. "Binti mfalme wa Mombasa ananyolewa. Kwao kuna joto. Nywele atafuga akitaka."

Munazza akadakia, "Na akiamrisha, mwakimbia wote hadi kwenye ule mti. Haya!"

Emmah akaamrisha. Watoto wakakimbia, na yule mgeni, baada ya kusitasita kidogo, akakimbia nao.

Dama alishusha pumzi ndefu. Tangu siku ile ya hospitali chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Sasa alinyoosha mkono akachukua kipande cha muhogo, akakila, akachukua kingine, kisha akamwita muuzaji amwongezee, na ndimu atie nyingi.