Maharage ya Rundo la Pumba

Tangawizi ikichemka pamoja na maji ya miwa na pilipili, hutoa harufu inayokupanda puani kabla hujajua unanusa nini. Wiki iliyopita harufu hiyo ilijaa jikoni kwangu hapa Bondeni, kutoka kwenye sufuria la umeme aliloniletea binti yangu, lile linalopika polepole kutwa nzima. Kila ninapoinusa narudi kuwa na miaka tisa, na nakasirika. Msinicheke. Nina wajukuu wawili na bado nakasirika.

Tulikaa Busale, katikati ya mashamba ya mpunga. Mama alikuwa mtu wa Ikombe, kule ziwani ambako wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono, na alipoolewa alikuja kwa mtumbwi akiwa amepakata chungu alichofinyangiwa na mama yake. Kilikuwa chungu cha maharage tu. Hakikuwahi kutiwa samaki wala nyama, na baba, ambaye kwake maharage yalikuwa kitu cha kula wakati unasubiri chakula, alikitazama kwa jicho baya.

Maharage hayo matamu yenye kuwasha mama aliyapika mara chache, kwa kuwa yalichukua siku nzima. Aliweka kaa la moto chini, chungu juu ya mafiga, kisha akakizungushia pumba za mpunga mpaka shingoni na kukifunika kwa jani la mgomba. Pumba haziwaki kwa ndimi za moto. Zinaungua taratibu, kimyakimya, kuanzia chini. Sheria zilikuwa mbili. Rundo lisichokolewe, maana moto ukishtuka maharage yanaungua chini na kubaki magumu juu. Na chungu cha moto kisimwagiwe maji baridi.

Asubuhi ninayoisimulia, mama aliniamsha mimi peke yangu.

"Amka, mwanangu, tukalinde maharage."

Alikuwa ameshaweka vigoda viwili kando ya rundo. Tulikaa hapo asubuhi yote. Alinisuka nywele, akanisimulia jinsi bibi alivyokuwa akikanyaga udongo huku akigombana na mbuzi wa jirani, tukacheka mpaka jirani yetu akachungulia. Mchana alifunua jani akaniachia nimimine kwa mkono wangu: maji ya miwa, nyanya zilizopondwa, vitunguu, tangawizi, pilipili mbili nyekundu. Alikuwa hajawahi kuniruhusu hata kukigusa chungu kile. Kaka yangu, mchoyo wa kutupwa, alipita akanipa kombeo lake bila kuombwa. Nikadhani ndivyo wapishi wanavyoheshimiwa.

Alasiri akaja shangazi, dada yake baba, aliyekaa huku Bondeni na hakujaliwa mtoto. Alikuwa ameacha nyama na samaki tangu tumbo lilipomsumbua. Kama ningekuwa na akili, ningejiuliza maharage yale yalikuwa yanamsubiri nani.

"Ugonile, mwanangu!" alinisalimu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akazisifu nywele zangu. Nikakimbilia ndani kumletea kikombe cha maji. Nyuma ya mlango palikuwa na mfuko. Juu kabisa lilikuwa limekunjwa gauni langu la kanisani, na chini yake madaftari yangu.

Nilitoka na kikombe kitupu.

"Mama, nguo zangu zinakwenda wapi?"

Mama alilitazama rundo la pumba. Baba ndiye aliyejibu, kwa uchangamfu mwingi kupita kiasi.

"Unakwenda kukaa na shangazi yako. Shule ya mjini iko karibu na kwake. Tulishakubaliana tangu wakati wa mavuno."

Tangu wakati wa mavuno! Mpunga ulivunwa, ukaanikwa, ukakobolewa, pumba zikarundikwa, na muda wote huo nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi. Kaka alijua, ndiyo maana ya kombeo. Na mama alijua kuliko wote; alikuwa akinisuka nywele za safari huku akinichekesha.

Nilitaka kitu kimoja tu, kubaki kwetu. Nikawaza kwamba shangazi amefuata chakula, na kikikosekana ataondoka na njaa yake aniache. Nikachota kopo la maji mtungini na kuyamwaga yote juu ya chungu.

Kililia mara moja, mlio mkavu, kikapasuka kutoka shingoni mpaka kitako. Mchuzi mwekundu ukazama ndani ya pumba huku mvuke wenye harufu ya tangawizi ukitupiga usoni.

Hakuna aliyenichapa. Afadhali wangenichapa.

"Basi, nitapika ndizi tukifika," alisema shangazi. "Ndaga fijo, wifi yangu, asante sana." Akauchukua mfuko.

Mama alikuwa amepiga magoti akiokota vigae na kuvitia kwenye kanga, na vidole vilikuwa vinamuungua. Hakuinua uso kuniaga. Niliondoka juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya baba, na muda wote nilijiambia kwamba analilia chungu.

Shangazi alinilea vizuri, siwezi kusema uongo. Nilisoma, nikaolewa kutoka nyumbani kwake. Lakini kila nilipokwenda Busale likizo, nilisimama mlangoni mpaka nikaribishwe, makusudi, ili mama aone alichonifanya.

Sasa mama ni mzee, na wiki iliyopita alikuwa hapa kwangu. Nililoweka maharage, nikayachemsha, nikayatia kwenye sufuria lile na vikolezo vyote, nikabonyeza kitufe. Niliporudi kutoka sokoni nikamkuta amevuta kigoda, amekaa kando yake.

"Mama, nenda kapumzike. Haya hayahitaji kulindwa."

"Hata yale ya pumba hayakuhitaji," alisema.

Nilisimama na kikapu mkononi. Miaka yote hii sikuwahi kuliwaza hilo. Rundo la pumba ukishaliwasha, kazi yako ni kuliacha. Unakwenda shambani, unakwenda kisimani, mchana unarudi mara moja kutia vikolezo, basi. Vigoda viwili vilikuwa vya nini?

"Ungeniambia," nilisema. Sauti ilinitoka ya kitoto.

"Ungelia kutwa. Mimi nilitaka siku moja ambayo hulii."

Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa sababu sijui kama nimemsamehe. Siku ile ilikuwa yangu pia, na aliichukua yote peke yake. Niliweka kikapu chini, nikaleta kigoda kingine, nikakaa naye mpaka maharage yakaiva.