Kitenge kwenye kamba yangu

Jamani, leo mtaa umeniozesha na mimi mwenyewe sina habari.

Tangu mke wangu afariki, jirani yangu Mama Estera ananiletea ugali wa muhogo na maharage kila jioni. Sijawahi kuomba. Sahani inakuja tu.

Leo nimetoka kubeba zege, njaa inauma. Nimenawa, nimekaa mlangoni.

Sahani haiji.

Nikaenda kwake. Kakaa uani na wenzake wawili.

Nikamsalimu, "Mwiriwe, mama."

"Mwiriwe, shemeji. Umefuata nini huku na una mpishi ndani?"

"Mpishi gani?" nikamuuliza.

"Usitufiche! Kitenge cha mwanamke kiko kwenye kamba yako tangu asubuhi. Mtaa mzima tumekiona."

Wenzake wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza, "Huyo mke umemtoa Heru Juu au Kibondo?"

Nikawaambia, "Cha marehemu hicho. Nimekifua mimi. Ndilo shuka langu."



Mama Estera kashika mdomo. Na mimi nikaona aibu, kama nimewaletea msiba upya. Nikarudi kwangu na njaa yangu.

Sijamaliza kuvua buti, sahani hiyo. Nyuma yake nyingine. Ya tatu ina samaki, mgebuka! Zimefika sita.

Mama Estera ananiambia, "Tusamehe shemeji. Lakini ulikianika vizuri mno, kama mwanamke."

Nimekula mpaka nimelegeza mkanda.

Sasa marehemu aliniachia vitenge vinne. Kesho nafua cha pili.

Mnasemaje, nitakuwa nimekosea?