Binti Akifika Pandharpur

Kazi ya Shevanta ilikuwa kupika. Muulize yeyote katika kundi lao la mahujaji, angekuambia hivyo, kisha angeomba mkate mwingine. Kila mwaka walikwenda mji mtakatifu wa Pandharpur kwa miguu, mvua ikiwanyea, wakiimba. Wakitua, wenzake walikanda miguu yao, yeye akakanda unga wa mtama.

Nyimbo zilikuwa tamu, lakini yeye zilimuuma. Watakatifu wa kale hawakuusifu mji ule kwa kuta wala dhahabu. Waliuimba kuwa ni kwa mama, nyumba anayoirudia binti aliyeolewa: mungu wao Vithoba, aliye kama mama, kasimama juu ya tofali lake, mikono kiunoni, anamngoja mlangoni, na mto unapita uani. Na binti akienda kwao hashiki sufuria. Shevanta hakuwa na kwao tena tangu mama yake afe na kaka zake wauze nyumba. Alibaki na kwa mkwe, ambako hata ugonjwa huombewa ruhusa.

Mwaka huu walifika mchana, siku moja kabla ya sikukuu. Kilele cha hekalu kilipoonekana, watu walilia na kucheza. Shevanta alitua chungu cha mrehani mtakatifu alichobeba kichwani njia nzima, akajinyoosha juu ya turubai.

"Mama, unga uko wapi?" akauliza Bhiku, kiongozi wao. Mahujaji wote huitana mama, hata wenye ndevu.

"Guniani."

"Na wewe je?"

"Mimi nimefika kwetu. Sipiki."

"Haya, bibi harusi kaja kupumzika," akasema jirani yake Gangubai, wenzake wakacheka. "Tukuletee na chai?"

"Ya tangawizi."

Hapo kicheko kilikatika. Shevanta aligeukia upande wa pili, aibu imemjaa. Alisikia harufu ya mkate unaoungua, mkono ukamwasha kwenda kuugeuza. Aliulalia. Alikuwa amechoka uchovu wa miaka, si wa njia.

Alipozinduka, jua la siku ya sikukuu lilikuwa utosini. Sari zilizolowa maji ya mto zilikuwa zimeanikwa kambani. Wenzake walikwisha koga na kuzunguka hekalu.

"Mbona hamkuniamsha?" Shevanta alimfokea Gangubai. "Njia yote ile, nimekuja kulala?"

Gangubai alikuwa anasugua sufuria, vidole vyeusi kwa masizi.

"Tulikuja kukuamsha, dada. Bhiku akatukataza. Kasema, nani anamwamsha binti aliyelala kwa mamake?"

 Shevanta alijilaza tena, akajifunika uso, akalia, na hakuna aliyemwita.