Hadubini ya Dobi

Wateja ndio waliompa jina la Mzee Doa, naye alilipokea bila kinyongo, maana madoa ndiyo yaliyomlisha kwa miaka thelathini na mmoja. Duka lake la kufulia lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele kaunta, katikati meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi lililoungua pembe moja, na nyuma masinki mawili ya saruji na mlango wa kutokea uani kwenye kamba. Alikuwa dobi wa kujipiga kifua. Alisema ukimfunga macho ukampa nguo, atakutajia kwa vidole tu kama ni pamba, sufu, kitani au hariri, na kwamba hajawahi kukosea hata siku moja.

Kilichomkosesha raha ni kitambaa cha meza. Mwalimu mmoja mstaafu alimletea kitambaa cheupe cha pamba, cha mama yake mzazi, chenye vidoa vya kahawia vidogo kama punje za pilipili manga. Dobi akakiloweka kwa ndimu na chumvi, akakianika juani, mwisho akakitia dawa yake ambayo hajawahi kumtajia mtu. Vidoa vikafifia, mwalimu akaenda zake akitabasamu. Mvua ziliponyesha, akarudi nacho. Vidoa vilikuwa palepale. Wakarudia hivyo mara tatu.

Mara ya nne dobi hakukasirika. Alikaa na kile kitambaa mapajani, akakisogeza karibu na dirisha, akakitazama kwa lenzi ndogo ya mkononi. Doa la chai hutoka au hubaki, alijua hivyo. Hili linaondoka na kurudi. Kitu gani basi kinachorudi? Lenzi ilimwonyesha doa kubwa zaidi, basi. Alichotaka ni kuingia ndani ya doa lenyewe.

Jioni alimwambia mkewe kwamba anataka kununua hadubini. Mkewe, ambaye alikuwa akishona mapazia pale pale nyumbani, hakuinua macho kwenye cherehani. Alimuuliza anataka kumchungulia jirani yupi. Dobi akaeleza kwa subira kwamba hiyo ni darubini, ya vitu vya mbali. Hadubini ni ya vitu vidogo. Mkewe akasema kama ni vitu vidogo, basi aanze na sisimizi wa jikoni, hao wapo karibu na hawahitaji mtambo.

Hata hivyo, dobi alienda. Kwenye duka la vifaa vya shule alipewa boksi lenye picha ya mtoto aliyevaa koti jeupe, na maandishi makubwa yakisema chombo hicho hukuza mara elfu mbili. Muuzaji alimhakikishia kwamba nyingine zote pale dukani zinaishia mia nne. Dobi akaona ameokota. Kati ya elfu mbili na mia nne, nani asiyejua kuhesabu?

Alipoifungua kwenye meza ya pasi, aliona plastiki tupu, nyepesi kama kikombe cha sherehe. Akaweka pembe ya kile kitambaa chini ya lenzi na kuchungulia. Kwanza aliona giza. Akasogeza kioo cha chini kuelekea dirishani, akaona vijiti vyeusi vikipepea. Ilimchukua muda kugundua kwamba ni kope zake mwenyewe. Kila alipogusa kigurudumu cha pembeni, picha yote ilitikisika na kupotea. Akabadilisha akili, akakamua maji ya kitambaa juu ya kipande cha kioo. Safari hii ikatokea duara, kamili, lenye ukingo mweusi na mwanga katikati. Alilichora nyuma ya risiti, akaandika tarehe, na kesho yake akafunga duka mapema ampelekee dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma, baada ya miaka thelathini kwenye maabara ya hospitali, akihesabu chembe za damu za watu asiowajua. Aliapa hatachungulia tena lenzi maishani. Dobi alimkuta nyuma ya nyumba akimwagilia maua ya kwenye makopo. Alipokea ile risiti, akaitazama, akalitua kopo la maji chini, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi.

"Ndugu yangu," alisema alipopata pumzi, "hiki ni kiputo cha hewa. Kila mwanafunzi niliyemfundisha alikigundua siku ya kwanza."

Dobi aliona aibu, lakini hakuondoka. Alimsimulia alivyojaribu, akauliza mbona basi boksi limeandikwa elfu mbili. Dada yake akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kuendesha baiskeli, kwamba kukuza si kuona. Picha chafu ukiikuza unapata uchafu mkubwa. Kinachotakiwa ni kioo safi, mwanga unaoweza kuuongeza na kuupunguza, na chuma kizito ili chombo kisitikisike. Na kabla ya yote hayo, mtu ajiulize anataka kutazama nini. Ukitaka kuona nguo nzima, sarafu au mdudu, unahitaji ile ya macho mawili, yenye taa juu na nguvu ndogo. Ukitaka kuona kilicho ndani ya tone la maji au ndani ya uzi, unahitaji ile ndefu yenye taa chini, na lazima kitu kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

"Wewe uliweka pembe nzima ya kitambaa cha meza," alisema. "Mwanga ungepita wapi?"

Akamuuliza anataka ipi. Dobi akasema anataka kuona doa kwa ndani. Dada yake akapangusa mikono kwenye sketi, akasema atamsindikiza, kwa sharti moja tu: yeye hatachungulia.

Walienda kwenye ghala la mtu aliyekuwa akiuza vifaa vilivyotumika, vya shule na zahanati zilizofungwa. Hadubini nne zilikuwa juu ya rafu, zimefunikwa mifuko. Dobi aliipenda ile inayong'aa. Dada yake alikizungusha kigurudumu chake, akaachia, na kile kimeza cha kuwekea kioo kikateremka chenyewe polepole. Akairudisha. Ya pili aliielekeza lenzi yake dirishani na kumwonyesha mdogo wake nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo. Kuvu, alisema, imeshakula lenzi, na hiyo haifutiki.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, imebanduka rangi ubavuni. Hapo akalisahau sharti lake mwenyewe na kuinama kuchungulia. Aliona nukta nyeusi. Badala ya kuiacha, alizungusha lenzi ya jicho kwa vidole, na nukta ikazunguka nayo.

"Uchafu upo juu huku," alimwambia. "Huu unafutwa. Ungebaki palepale, ningekwambia twende zetu."

Waliichukua hiyo, pamoja na boksi la vipande vya kioo, pakiti ya vioo vyembamba vya kufunikia, na karatasi laini za kufutia lenzi. Kibano dobi alikuwa nacho, cha kung'olea nyuzi zilizonasa kwenye zipu, na kwa kudondoshea maji dada yake alisema kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa kinatosha. Lenzi ndefu kuliko zote, ile ya kutumbukizwa kwenye tone la mafuta, alimkataza asiiguse mpaka atakapojifunza kutumia hizo fupi bila kuvunja kioo.

Siku ya Jumapili dada mtu alikuja dukani. Alimwonyesha jinsi ya kuchomoa uzi mmoja kutoka kwenye doa, kuulaza kwenye tone la maji, kisha kushusha kile kioo chembamba kimshazari, upande mmoja kwanza, ili hewa itoke. Akamwambia aanze na lenzi ndogo na apunguze mwanga. Dobi alikuwa na tabia ya kutaka mwanga mwingi, kama mtu anayetafuta doa kwenye kola. Dada yake alimpiga kidole na kufunga kilango cha mwanga hadi picha ikaiva.

Na hapo akaona. Uzi haukuwa uzi tena, ulikuwa fungu la kamba bapa zilizojisokota. Hiyo ndiyo pamba, dada yake alisema. Katikati ya kamba hizo, zikipita juu na chini, kulikuwa na nyuzi nyingine za kahawia, nyembamba mno, zenye matawi. Hizo hazikufumwa na mtu. Zilikuwa zimeota.

"Ni kuvu," alisema dada yake. "Wewe umekuwa ukiichubua rangi tu. Yenyewe inabaki, inangoja unyevu."

Dobi alikaa kwenye kiti chake akiwaza miaka thelathini na mmoja ya vidoa alivyoviita kutu, au jasho, au uzembe wa mwenye nguo. Hakujua kama aone haya au afurahi. Alichofanya ni kuinama kuchungulia tena. Mwalimu alipokuja, alimweleza kwamba safari hii kitambaa kitachemshwa na kukaushwa kikavu kabisa, na kwamba kabati lake la nguo ndilo lenye ugonjwa. Mwalimu aliomba kuona. Alichungulia kwa muda mrefu, akauliza kama hiyo kuvu ni ya tangu enzi za mama yake. Dobi akasema hajui, na kwa mara ya kwanza dukani mle neno hilo halikumchoma.

Tangu hapo hakuna uzi uliopita salama. Sufu ilikuwa na magamba kama ya samaki. Kitani kilikuwa na vifundo kama mianzi. Tai ya hakimu mmoja ilimwachia uzi wa hariri halisi: laini, unaong'aa, mnene hapa na mwembamba pale. Poliesta ilikuwa fimbo tupu, zote saizi moja, zina vinukta vyeusi ndani. Aliziweka zote kwenye boksi la viatu, kila kioo na karatasi yake.

Alihitaji hariri nyingine ya kulinganisha. Nyumbani kulikuwa na shali ya bluu aliyomnunulia mkewe wiki moja kabla ya harusi yao, alipokuwa bado kijana wa kubeba mizigo, hajajua pasi wala sabuni. Ilikuwa hariri, aliyemuuzia aliapa. Mkewe aliivaa kwenye shughuli kubwa tu, na kwa miaka yote hakumruhusu aifue. Alisema kazi za duka zibaki dukani. Siku mkewe alipotoka kupeleka mapazia, dobi alifungua kabati, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, na kuuwahisha dukani.

Aliona fimbo. Zote saizi moja, zenye vinukta vyeusi. Alibadilisha lenzi, akasafisha kioo, akaweka uzi wa tai ya hakimu kando yake kwenye kioo hichohicho. Hazikuwa ndugu hata kidogo.

Kwa siku mbili alikula bila kusema. Siku ya tatu mkewe alimuuliza anaumwa nini. Dobi akajikohoza, akaanza kwa mbali, akataja magamba ya sufu na vifundo vya kitani, mwisho akafika kwenye shali.

Mkewe aliendelea kukunja pazia. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba si hariri. Wiki ya kwanza njiti ya kiberiti iliiangukia. Hariri inanuka kama nywele zikiungua. Ile ilinuka plastiki, ikaacha kidonge kigumu. Nikakunja pindo, nikakifunika."

Dobi alimuuliza mbona hakusema, muda wote huo, huku akimsikia kila siku akijisifu mbele za watu kuhusu vidole vyake. Ndiyo maana hakumwachia aifue, mkewe alisema; angeishika tu angejua. Kisha akaweka pazia pembeni.

"Wewe ulinunua hariri, mume wangu. Aliyeuza plastiki ni yule mwingine. Mimi nilipokea kwako, sikupokea kwake."

Mkewe akasimama, akachukua shali kabatini, akajitanda mabegani, akasema basi twende, na yeye anataka kuiona hiyo plastiki yake.

Dukani alikataa kukaa. Alichungulia amesimama, jicho moja amelifunika kwa kiganja. Dobi alimfundisha kushika kigurudumu kidogo na si kikubwa. Mkewe akasema rangi ya bluu imeingia hadi ndani kabisa ya zile fimbo, na zinapopishana zinatoa bluu ya tatu ambayo hajawahi kuiona kwenye shali yenyewe. Dobi, aliyekuwa ametazama siku tatu akitafuta kosa, hakuwa ameliona hilo. Ilibidi aombe zamu.

Baadaye mkewe alitafuta kitu cha kwake cha kutazama. Kwenye kaunta kulikuwa na gilasi ya maua ambayo dada mtu aliyaleta, maji yake yamegeuka kijani. Walidondosha tone. Mara dada mtu naye akaingia na mfuko wa mkate, akawakuta wawili hao wanasukumana mabega.

Ndani ya tone palikuwa na kitu kirefu, kimejishikiza kwa mkia kwenye takataka, kichwani kina magurudumu mawili yanayozunguka kwa kasi. Kilijivuta kikawa kifupi, kisha kikajinyoosha tena. Mke wa dobi alisema yale magurudumu hayazunguki kweli, ni vinyweleo vinavyojipinda kwa zamu, kama mikono ya watu wanaopitishiana matofali. Dobi alisema yanazunguka, ameyaona kwa macho yake. Wakamgeukia mtaalamu.

Dada mtu alichungulia. Akachungulia tena. Alikiri kwamba miaka thelathini alitazama damu na choo cha wagonjwa, na hakuna aliyewahi kumletea maji ya maua.

"Sijui, wifi," alisema. "Punguzeni taa kidogo. Nipeni na penseli."