Sufuri Tisa za Kabiria

Kila mawingu yanapojikusanya juu ya vilima vya Ngong, mwanangu, naikumbuka siku niliyoandika sufuri tisa kwenye kadi ya mvua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, elimu yangu kidato cha nne, na miguu isiyojua kutulia. Ofisi moja ya wahandisi kule Muthangari ilinipa kazi iliyonifaa: kuzunguka mitaani nikikusanya kadi za watu waliojitolea kupima mvua. Katika mtaa wa Kabiria, mpimaji wetu alikuwa Mwalimu Shee, mzee wa Lamu aliyefundisha madrasa. Kipimamvua chake, kopo refu lenye chupa ndani, kilisimama uani, mbali na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma maji, akaandika, akamwaga. Siku kavu aliandika sufuri. "Sufuri nayo ni habari," alizoea kusema.

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, alifiwa na dada yake. Akaniomba nimsomee kopo siku tisa, mpaka arudi kutoka Lamu. Nikaitikia upesi, kama vijana tunavyoitikia.

Nilipanga chumba karibu na Adams Arcade, na asubuhi zile palikuwa pakavu, vumbi linatimka. Nikajiambia Kabiria si mbali, anga ni moja. Nikashika njia ya mjini kupekua vitabu vikuukuu vilivyotandazwa kando ya barabara (ugonjwa huo sijapona hata leo). Siku ya tisa nikajaza sufuri zote kwa mkupuo, nikapeleka kadi ofisini.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake nilikwenda kumpa Mwalimu pole, nikamkuta amekaa uani karibu na kopo.

"Limimine kopo, mwanangu," akasema.

Nikafungua. Chupa ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na maji yamefurika ndani ya kopo.

"Mwalimu, kwani huku kulinyesha?"

"Waniuliza mimi? Mimi nilikuwa matangani. Wewe ndiwe uliyekuwa hapa."

Akanipa kipimo, nikapima yote mwenyewe. Hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa nani atatwambia kama ni mvua ya siku tisa au ya siku moja?" Kisha akanionyesha ukuta wa madrasa, pale kando ya ua. Alama ya tope ilifika magotini. "Nenda kwa aliyekutuma. Nenda sasa hivi."

Mhandisi wetu alikuwa Nekesa, mama wa Bungoma, ndiye aliyenibandika jina la Miguu. Nilimkuta ameinamia mchoro wa kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya njia, la kijito cha Kabiria, kile ambacho watoto wa madrasa huvuka kila siku. Nikamweleza yote. Akaweka kalamu chini.

"Wee Miguu! Na mimi nimechora bomba nyembamba juu ya hizo sufuri zako!"

Nikajitetea. Nikamwambia si ana zile ramani za kompyuta zinazoonyesha hali ya hewa ya dunia nzima?

"Hizo? Kuja uone." Akanionyesha mraba mmoja kwenye skrini. "Hii box moja imemeza Ngong, Kabiria, mpaka nyanda za Athi, halafu inanipa wastani. Joto linapanda, hapo zote zinakubaliana. Lakini mvua ya huku kwetu? Moja inasema itaongezeka, ingine inasema itapungua. Wingu la kujaza hicho kijito ni dogo, haiwezi kuliona. Ndio maana nilikuwa nangoja kadi ya Mwalimu."

Tulikwenda Kabiria pamoja. Akapima alama ya ukutani, akawauliza majirani maji yalipanda siku gani, nao wakamwambia: Jumatano, mchana mmoja. Kwenye kadi alikata sufuri zangu, akaandika katika kila nafasi, "Haikusomwa." Bomba likapanuliwa. Nimehama mitaa mingi tangu wakati huo, lakini nikipita Kabiria masika husimama kwenye kalvati ile, nikatazama maji yanavyopita chini yake yakilijaza bomba lile pana.

Mwanangu, leo ramani zile unazo mfukoni. Usizidharau. Anayetazama mji kutoka kwenye ndege huona mapaa yote, ila hajui lipi linavuja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilifanya kosa lilelile, nikaifanya Adams kuwa anga yote. Tena langu ni baya zaidi, maana ramani haikumwahidi mzee aliyefiwa kwamba itafika saa tatu.

Basi ukitaka kujua mvua ya mtaa wako, weka kopo lako, ulisome kila siku. Na siku ambayo hukuwepo, andika kwamba hukuwepo. Usiandike sufuri.

Mungu akunyeshee kwa kiasi, mwanangu, na akupe miguu ya kufika ulikoahidi.