Kuku wa Kukabidhi Mtoto

Célestin alikuwa karani wa kupima pamba pale Kabambare, na jioni alifundisha mpira. Mtu mpole, shati jeupe, filimbi shingoni. Mwaka 1954 alimruhusu Kasimu, mtoto wa miaka kumi na mitatu, afanye mazoezi pamoja na wapakizi wa malori, wanaume wenye ndevu. Mkewe Léocadie alimkataza. Akajibiwa kwamba mtoto ana mbio, na mpira hauulizi umri. Upuuzi mtupu!

Aliyemleta Kasimu ni baba yake mwenyewe, Bulaimu, na kuku mkononi. Kwetu, mtoto hukabidhiwa kwa mhunzi au fundi cherehani kwa kuku: ukimla, umempokea mtoto awe wako. Célestin aliijua desturi hiyo vizuri. Lakini mpira ni mchezo, alifikiri, si kazi. Akamla kuku siku ile ile, mpaka shingo.

Wiki ya tatu, Michel, mpakizi mnene, aligombania mpira na mtoto. Mfupa wa muundi ulivunjika, na mlio wake tuliusikia mpaka barabarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Hapa aliyekataa kusikia alikuwa mmoja, guu lililovunjika la mwingine. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Bulaimu hakumshtaki Michel. Alimshtaki Célestin kwenye baraza la chifu, akadai fidia, kwa kuwa ndiye aliyemchanganya mtoto na watu wazima. Célestin alikonda kwa hofu ya kufungwa na kufukuzwa kazi. Alijitetea kwamba baba alimleta mtoto kwa hiari yake, na kuku juu. Hapo mzee wa baraza akainua kichwa.

"Ule kuku, ulimukula?"

"Nilimukula."

"Basi mutoto iko wako. Mutu halipe fidia juu ya mutoto wake. Utamulisha, utamuozesha."

Tulipigwa na butwaa. Safi, mama wa mtoto, alikaa chini palepale mavumbini. Walikuja kudai haki ya mguu, wakanyang'anywa mtoto mzima. Célestin naye, badala ya kufurahi, aliomba afungwe tu, mtoto arudi kwao. Wazee walikuwa wameshasimama, shauri limekwisha.

Kasimu, akiegemea fimbo yake, alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Célestin, akauliza kwa adabu:

"Karani, unanipa ruhusa niende kwa mama, nichukue shati yangu?"